Kibali Kimoja, Mlango Mmoja: Mazungumzo ya Rubani na Waongoza Ndege Wakati wa Kuondoka

Tangu milango ya ndege ifungwe hadi magurudumu yakunjwe, rubani hupewa vibali vitano au sita, na kila kimoja hufungua mlango mmoja tu. Kibali cha safari hakimruhusu kuwasha injini. Ruhusa ya kuwasha injini haimruhusu kusogea. Ruhusa ya kutembea ardhini humfikisha kwenye mstari wa kusubiri, na hapo huisha. Ajali kadhaa mbaya kabisa za viwanjani zilitokea pale mtu aliposhika kibali cha mlango mmoja akafungulia mwingine.

Mwongozo huu unaifuata ndege ya mfano, "Tanzania 104", ikitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa njia ya kurukia 23. Namba ya safari, viungio vya njia za ardhini na masafa ya redio ni vya mfano tu. Vya kweli hutazamwa kwenye chati za siku hiyo. "Tanzania" ndilo jina la mwito la Air Tanzania redioni. Kwenye mpango wa safari huandikwa ATC, herufi zilezile ambazo dunia nzima huzitumia kuwataja waongoza ndege. Anayeusoma kwa mara ya kwanza asishangae.

Maneno ya redioni yameachwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyosemwa. Rubani wa safari za kimataifa na mwongoza ndege anayemhudumia wanatakiwa wawe na angalau daraja la 4 la Kiingereza katika kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na mwenye daraja hilo hupimwa upya kila baada ya miaka 3.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Marubani ni wawili: mmoja anaendesha, mwingine anafuatilia. Anayefuatilia ndiye mwenye redio, lakini wote wawili husikiliza. Redio ya kwanza huwekwa kwenye masafa ya kazi, ya pili kwenye 121.5, masafa ya dharura.

Redio za ndege za abiria hutumia AM, kuanzia 118 hadi karibu 137 MHz. Kwa rubani maana yake ni hii: wawili wakibonyeza kwa pamoja, wengine hawamsikii yeyote vizuri, wanasikia mlio mkali wa kukwaruza. Kwa hiyo ukihamia masafa mapya, nyamaza kwanza sekunde 3 hivi. Kama kuna mwenzako aliyeulizwa jambo, mwache ajibu. Kisha bonyeza, tulia kidogo, ndipo useme. Anayesema huku anabonyeza hukatwa mwanzo wa sentensi, na mwanzo wa sentensi mara nyingi ndiko liliko jina.

Mpangilio wa maneno haubadiliki: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Salamu moja fupi haina ubaya. Habari za nyumbani, za kazi na za watoto zina mahali pake, na si kwenye masafa yenye ndege kumi zinazosubiri zamu.

Tarakimu husemwa moja moja. 3 ni "tree", 5 ni "fife", 9 ni "niner", na nukta ya masafa ni "decimal". Sisi wenye masikio ya Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kushika utaratibu huu: tumezoea kumalizia neno kwa irabu, basi "eight" ikitoka "eiti" inasikika kama "eighty", na "fifteen" na "fifty" kwenye redio yenye mkwaruzo ni kitu kimoja. "Wan fife", yaani 1 na 5, haina pacha.

Kabla ya wito wa kwanza, sikiliza taarifa ya kiwanja iliyorekodiwa, kama ipo: njia inayotumika, upepo, joto, mgandamizo wa hewa. Kila taarifa mpya ina herufi yake. Ukitaja "information Bravo", yaani taarifa ya herufi B, unamwambia mwongoza ndege kwamba hayo yote unayo. Ukitaja herufi iliyopitwa na wakati, atajua kuwa mgandamizo ulioweka kwenye altimita, kipimo cha kimo, huenda si wa sasa. Herufi hiyo inabeba mzigo kuliko inavyoonekana.

Kibali cha safari

Viwanja vikubwa vina masafa tofauti ya vibali, ya ardhini, ya mnara na ya kuondokea. Vidogo, mtu mmoja mnarani hufanya yote. Vyovyote iwavyo, kibali cha safari huombwa mapema, karatasi ikiwa mapajani na kalamu mkononi:

"Ground, Tanzania one zero four, stand five, information Bravo, request clearance to Mwanza."

Jibu:

"Tanzania one zero four, cleared to Mwanza via flight planned route, flight level three two zero. Runway two three, after departure continue runway heading, climb to altitude five thousand feet. Squawk four two one six."

Hayo yote yanakuja kwa pumzi moja. Anayejaribu kuandika kila neno anaachwa njiani. Karatasi ya rubani mzoefu ina hivi tu:

HTMW – FPR – 320
23 – RH – 50
4216

HTMW ni kiwanja cha Mwanza. FPR ni njia ileile iliyo kwenye mpango wa safari. 320 ni kimo cha safari, yaani takriban futi 32,000. RH ni kuendelea na mwelekeo wa njia ya kurukia. 50 ni futi 5,000, kikomo cha kwanza cha kupanda. 4216 ni namba ya transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye skrini ya rada; namba hiyo ina tarakimu nne na hakuna inayozidi 7. Ukijikuta umeandika 8 au 9 hapo, umesikia vibaya, uliza. Mpangilio wa kibali hujulikana kabla: kikomo cha safari, njia, kimo, masafa, transponda. Wengi huchora visanduku vitupu kwenye karatasi kabla ya kuomba, wakajaza tu.

Sasa unarudia chote, neno kwa neno la maana, na unamalizia kwa jina lako. "Roger" hapa si jibu. Maana yake ni nimesikia, haisemi umesikia nini. Kwa kanuni za ICAO, ambayo lazima yarudiwe ni kibali cha safari, kila ruhusa inayogusa njia ya kurukia (kuingia, kuvuka, kusubiri nje yake, kurudi nyuma juu yake, kuruka, kutua), njia inayotumika, mgandamizo wa altimita, namba ya transponda, vimo, mielekeo na mwendo. Upepo haurudiwi. Ukiurudia unakula muda wa wengine bure.

Mwongoza ndege akiridhika husema "readback correct". Ukikosea husema "negative" kisha anatoa kilicho sahihi, nawe unakirudia tena. Hapa ndipo penye mtego ambao watu huudharau. Rubani anayeruka Dar–Mwanza kila wiki amezoea futi 5,000. Siku akipewa 3,000, ubongo unaweza kumsomea 5,000 na mkono ukaandika hivyo. Anarudia "five thousand" kwa sauti ya kujiamini, na mwongoza ndege naye, akiwa ameshika simu ya kituo kingine, anasikia alichotarajia kusikia. Kosa limepita milango miwili. Dawa ni marubani wote wawili kusikiliza kila mmoja kwa masikio yake, kisha kulinganisha karatasi na namba iliyo kwenye dirisha la kimo la otopailoti. Wakitofautiana, hawapigi kura, wanauliza.

Na ukiuliza, uliza kweli. Kurudia "five thousand?" kwa kupandisha sauti mwishoni si swali redioni, kwa sababu mkwaruzo hula kiimbo. Tumia "confirm" (thibitisha) au "say again" (rudia).

Hadi hapa ndege haijapewa ruhusa hata ya kusogea sentimita moja.

Kuwasha na kusukumwa

Sehemu hii ni fupi, ila ina wasemaji wawili. Redioni unaomba "start-up" na "pushback", na mwongoza ndege anaweza kuidhinisha kimoja bila kingine. Kwenye waya wa hedifoni unazungumza na fundi aliye chini, karibu na trekta. Fundi hasikii mnara. Ukiambiwa "pushback approved, face west", maneno ya pua kuelekea magharibi lazima umpelekee wewe mwenyewe, la sivyo atakusukuma kama alivyomsukuma wa jana. Usimwambie aanze kabla ruhusa haijatoka, hata kama nyuma kunaonekana peupe.

Kwa safari za kwenda Ulaya au kutoka huko kuna saa maalumu ya kuruka inayopangwa ili kupunguza msongamano: unaruhusiwa kuondoka kuanzia dakika 5 kabla yake hadi dakika 10 baada. Hapo ombi la kuwasha injini hupigiwa hesabu kuanzia saa hiyo kurudi nyuma.

Kutembea ardhini

"Tanzania one zero four, taxi via Alpha, holding point Alpha one, runway two three."

Sikio lishike vitu viwili: njia ya kupita na mahali pa kuishia. Mahali pa kuishia ni "holding point", mstari wa kusubiri. Kutajwa kwa "runway two three" mwishoni ni kukueleza unaelekea wapi, si kukuruhusu kuingia. Ikiwa njiani kuna njia nyingine ya kurukia, utaambiwa wazi uivuke au usubiri. Usipoambiwa, simama uulize. Taa nyekundu zilizopangwa kukatiza kiungio zikiwaka, huvuki hata kama umesikia ruhusa. Mwambie mwongoza ndege kwamba taa bado zinawaka.

Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliambiwa: namba moja, nenda mstari wa kusubiri C5. Wakarudia sawasawa. Kisha wakaingia njia ya kurukia na kusimama hapo, na Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yao. Watano kati ya sita waliokuwamo kwenye ndege ndogo walikufa. Watu 379 wa Airbus walitoka wote wakiwa hai. Neno "namba moja" lilieleza zamu tu, lakini nahodha alijiona ameshapewa njia. Baada ya ajali hiyo Japan ilisitisha kwa muda kutaja namba za zamu kwa ndege zinazosubiri kuondoka.

Linate, Milano, tarehe 8 Oktoba 2001, ukungu ulikuwa mzito na rada ya ardhini haikuwa kazini. Ndege ndogo ya Cessna iliruhusiwa kupita kiungio R5, ikarudia R5, ikapita R6, ikaingia kwenye njia ambayo ndege ya abiria MD-87 ya shirika la SAS ilikuwa inaruka. Watu 118 walikufa. Kurudia sawasawa hakukuonyesha ndege iko wapi hasa. Ndiyo maana chati ya kiwanja hukaa wazi mbele ya macho, rubani anayefuatilia hutaja kila kibao kinachopitwa, na mkipotea mnasimama na kusema mmepotea. Aibu ya kusema hivyo huisha kwa dakika moja.

Ukikaribia njia ya kurukia utahamishiwa mnarani. "Contact Tower" ni piga uwaite. "Monitor Tower" ni badilisha masafa, usikilize, unyamaze, watakuita wao. Wanaoanza huchanganya haya mawili, na masafa ya mnara hujaa watu wanaojitambulisha bila kuitwa.

Kwenye njia ya kurukia

Ukiwa tayari sema "ready for departure". Usiseme "ready for take-off". Neno "take-off" hutamkwa mahali pawili tu: ruhusa ya kuruka inapotolewa na kurudiwa, au inapofutwa. Kwingine kote ni "departure".

Sababu iko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 ya KLM ilikuwa imeshajipanga kwenye njia ya kurukia, katika ukungu, ilipopewa kibali cha safari: njia ya kufuata baada ya kuruka. Rubani msaidizi alikirudia na kumalizia kwamba sasa wako "at take-off", wakati nahodha ameshaanza kuondoka. Mnarani ilieleweka kuwa wako mahali pa kurukia, wanasubiri. Mwongoza ndege akasema wasubiri atawaita; saa ileile ndege ya Pan Am, iliyokuwa bado juu ya njia hiyohiyo, ikasema kuwa ingali inatembea. Sauti mbili kwa pamoja, na ndani ya KLM ukasikika ule mlio wa kukwaruza. Watu 583 walikufa. Siku hiyo kibali cha safari kilishikwa kama kibali cha kuruka. Ndiyo maana ukipewa mabadiliko ya njia ukiwa umeshajipanga, yaandike, yarudie, kisha ubaki na breki mpaka usikie neno lenyewe.

"Line up and wait" ni ingia, jipange, subiri. Marekani walikuwa na msemo wao, "position and hold", wakauacha tarehe 30 Septemba 2010 na kuungana na wengine. Ruhusa inaweza kuwa ya masharti: "Behind the landing ATR, line up and wait behind." Neno "behind" hutajwa mara mbili makusudi, nawe ulirudie mara mbili pamoja na aina ya ndege. Kama huioni hiyo ATR kwa macho, usikubali sharti. Ukiona mbili, uliza ni ipi.

Halafu: "Tanzania one zero four, wind two one zero degrees, eight knots, runway two three, cleared for take-off." Jibu: "Runway two three, cleared for take-off, Tanzania one zero four." Marubani wote wawili hutazama dira kabla ya kusukuma nguvu: namba 23 iliyochorwa chini na dira ya karibu nyuzi 230 zikubaliane. Lexington, Kentucky, tarehe 27 Agosti 2006, ndege iliyoruhusiwa njia ya 22 iliruka kwenye ya 26, fupi mno kwake, na watu 49 walikufa.

Dar es Salaam ina jambo jingine. Njia ya 05/23 ina urefu wa takriban mita 4,600, na ndege ndogo za kwenda Zanzibar, Cessna Caravan na wenzake, hazihitaji hata nusu yake. Rubani wa ndege kama hiyo anaweza kuomba kuondokea kwenye kiungio cha katikati. Ikiwa mbele yake imetoka Boeing 787, mbawa za ile kubwa zimeacha mizunguko ya hewa inayoweza kuipindua ndogo. Ndogo au ya kati nyuma ya nzito husubiri dakika 2 ikianzia mahali palepale, dakika 3 ikianzia katikati. Ndiyo sababu ndege ya zaidi ya tani 136 hujitambulisha kwa kuongeza "heavy" kwenye wito wa kwanza, na A380 "super". Wa nyuma akiona muda hautoshi, anasema "unable", yaani siwezi, kabla ya kujipanga. Akishajipanga, anamfungia njia mwingine.

Mnara unaweza kubadili nia. Ndege ikiwa bado imesimama: "Hold position, cancel take-off, I say again, cancel take-off", nawe ujibu "Holding". Ikiwa imeshaanza kukimbia: "Stop immediately", mara mbili na jina lako. Breki kwanza, jibu baadaye. Uamuzi wa kusimama au kuendelea kwenye mwendo mkubwa unabaki kuwa wa nahodha.

Jina moja, masikio mengi

Mwongoza ndege akisema "Tanzania one four zero" na wewe ni one zero four, mmoja kati yenu atakosea siku moja. Usifupishe jina lako mpaka mwongoza ndege aanze kulifupisha yeye. Ukisikia ndege nyingine ikijibu agizo lako, sema papo hapo. Na usijibu agizo ambalo jina lake hukulisikia vizuri kwa kuwa tu linafanana na ulilokuwa unalingoja.

Angani

Usihamie masafa ya kuondokea mpaka uambiwe. Ukihamishwa, wito wa kwanza una kimo unachopita na kimo ulichoruhusiwa:

"Tanzania one zero four, passing one thousand eight hundred, climbing altitude five thousand feet, runway heading."

Kimo unachopita kitajwe hadi mia iliyo karibu, maana mwongoza ndege anakilinganisha na transponda yako kwenye skrini. Tofauti ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, hawezi kuiamini namba hiyo, na huenda umeweka mgandamizo usio sahihi. Neno "to" litumie kwa uangalifu: "to" na "two" ni sauti moja. Mwaka 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke "two four zero zero". Waliomo wakaelewa washuke hadi futi 400, wakagonga kilima. Kutanguliza neno "altitude" au "flight level" kabla ya tarakimu kunazuia hilo.

Chini ya futi 10,000 mazungumzo mengine yote kwenye chumba cha marubani husimama. Agizo la kimo kipya linaweza kuja wakati wowote, na ukiwa unahadithia jambo utalisikia nusu.

Ukiita masafa mapya mara mbili bila jibu, kwanza tazama kama kitufe cha sauti kiko chini, kisha rudi masafa ya zamani uthibitishe namba. Redio nyingi zina dirisha la pili linalobakiza masafa ya nyuma. Usiyafute mpaka wapya wakujibu. Yakishindikana yote, jaribu 121.5, kisha weka 7600, namba ya redio iliyokufa, kwenye transponda. Kukiwa kweupe, endelea kuona nje na utue kiwanja cha karibu kinachofaa. Ukiwa mawinguni kwenye eneo la rada, kwa kawaida unashika kimo na mwendo wa mwisho uliopewa kwa dakika 7, kisha unafuata mpango wa safari. Pasipo rada ni dakika 20.

Redio ikifa ungali ardhini, huondoki. Geuza macho mnarani utafute mwanga. Nyekundu iliyotulia ni simama. Nyekundu inayomweka ni toka kwenye njia ya kurukia. Kijani inayomweka ni endelea kutembea. Nyeupe inayomweka ni rudi ulikotoka.